Nimebadilisha asidi amino kwenye hemoglobini na hakuna kilichotokea: je, programu inanidanganya?

*"Shikamoo Daktari. Nasoma shahada ya uzamili ya biokemia, na tasnifu yangu inahusu hemoglobini ya selimundu. Nilipakua faili la 2HHB, lenye umbo la hemoglobini ya kawaida, nikalifungua kwenye PyMOL, programu ya kuchora protini, nikabadilisha glutamati ya nafasi ya 7 kuwa valini kwenye mnyororo B, kisha nikalinganisha na umbo la awali. RMSD, yaani wastani wa umbali kati ya atomu za maumbo mawili, imetoka 0.000. Nikajaribu FoldX, inayokadiria uimara wa protini, tofauti ya nishati ikawa ndogo. AlphaFold, inayotabiri umbo la protini, nayo ikanirudishia umbo lile lile. Namba 7 nimeitoa kwenye ripoti ya vinasaba ya mpwa wangu wa miezi minne: imeandikwa HBB p.Glu7Val, nakala zote mbili. Dada yangu ameziona picha zangu, na kwa kuwa mtoto anacheka na kunyonya vizuri, anasema huenda badiliko hilo halina madhara. Nimekosea wapi? Na nimwambie nini?"*

Marahaba. Umeuliza maswali mawili kwa pamoja, na nitaanza na la mtoto kwa kuwa hilo haliwezi kusubiri tasnifu.

Mwambie dada yako ampeleke mtoto kliniki ya selimundu wiki hii, na ripoti aibebe. Nakala zote mbili za jeni zikiwa na badiliko hilo, huo ndio ugonjwa wenyewe. Si suala la kubeba vinasaba tu. Afya anayoiona leo ni ya kweli, ila ina sababu yake. Mtoto wa miezi minne bado ana kiasi kikubwa cha hemoglobini aliyotoka nayo tumboni, ile iitwayo HbF, na hiyo inaizuia HbS, yaani hemoglobini ya selimundu, isilete madhara. HbF hupungua taratibu, na kwa watoto wengi dalili za kwanza, mara nyingi mikono na miguu kuvimba kwa maumivu, huanza kujitokeza baada ya mwezi wa sita hivi. Kliniki watathibitisha kwa kipimo cha damu, watamwanzishia penisilini ya kinga, watahakikisha chanjo zake zimekamilika, na watamfundisha mama kupapasa bandama na kutambua dalili za kumkimbiza mtoto hospitali usiku huo huo: homa, viganja kupauka ghafla, tumbo kujaa. Dawa ya haidroksiyurea nayo wataizungumzia kwa wakati wake. Kama mko Dar es Salaam, Muhimbili wana kliniki yake. Hakuna hata moja kati ya hayo linalotegemea picha ya PyMOL, kwa hiyo picha zako zisimpe dada yako sababu ya kungoja.

Sasa tuje kwenye kompyuta. Programu haikukudanganya. Kila moja ilijibu swali ililoulizwa, na hakuna hata moja iliyoulizwa swali la selimundu. Lakini kabla ya hapo kuna kosa la namba, na tulimalize kwanza.

Ulibadilisha asidi amino isiyohusika. Mnyororo wa beta wa hemoglobini huanza hivi: valini, histidini, lusini, threonini, prolini, glutamati, glutamati, lisini. Glutamati ya selimundu ni ile ya sita ukihesabu kuanzia valini ya kwanza, na ndivyo faili la 2HHB linavyohesabu. Maabara za vinasaba, kwa upande wao, huhesabu kuanzia methionini, asidi amino ya kwanza ambayo seli huiweka na baadaye kuikata. Kwao ile ile ya 6 inakuwa ya 7, na ndiyo maana ripoti imeandikwa p.Glu7Val. Kwa bahati mbaya nafasi zote mbili, 6 na 7, zina glutamati. Ungekuwa umebofya lisini au prolini ungeshtuka mara moja. Hapa ulitafuta glutamati, ukaikuta, ukaendelea. Programu haina namna ya kujua. Na nafasi hizi mbili si kitu kimoja hata kidogo: glutamati ya 6 ikigeuka lisini unapata HbC, aina nyingine ya hemoglobini inayojulikana sana Afrika Magharibi, ya 7 ikigeuka lisini unapata Hb Siriraj, ambayo ni habari nyingine kabisa.

Jizoeze kufungua mstari wa mfuatano juu ya picha kabla ya kubofya chochote, na usome majirani watatu kila upande wa asidi amino unayoitaka. Kwa ya 6, kushoto kwake lazima uone prolini. Pia, hemoglobini ina minyororo miwili ya beta. Kwenye 2HHB ni B na D, na mgonjwa mwenye HbSS, yaani nakala zote mbili za jeni zikiwa za HbS, ana badiliko kwenye yote miwili. Ulibadilisha mmoja tu.

Ukishafanya hivyo sawasawa, RMSD itatoka tena 0.000. Hapo ndipo penye somo lenyewe.

Ukifungua Wizard, kisha Mutagenesis, ukachagua VAL na kubofya glutamati, PyMOL huondoa atomu za mnyororo wa pembeni wa glutamati na kuweka za valini mahali pake. Mkao wa valini haiubuni. Inautoa kwenye orodha ya mikao ambayo wataalamu wameikusanya kutoka maelfu ya protini zilizokwisha kupimwa, ikianza na ule unaoonekana mara nyingi zaidi. Valini ina mikao mitatu ya kawaida, na unaizungusha kwa vile vishale vya chini. Visahani vyekundu vinavyojitokeza vinakuonyesha atomu zilizobanana kupita kiasi. Vya kijani vidogo si vya kuogopa. Ukibonyeza Apply, mkao uliouchagua unabaki. Basi. Uti wa mgongo wa protini haujaguswa, na majirani hawajasogea hata sehemu ya angstromu (sehemu moja ya bilioni kumi ya mita). ChimeraX kwa amri ya swapaa inafanya kazi ile ile. Ukipima RMSD baada ya hapo, wewe ni fundi aliyebadilisha kifungo kimoja cha shati, kisha akapima urefu wa shati kuona kama limekua. Sifuri yako si ugunduzi, ni nakala inayolinganishwa na nakala.

Kuna wanaoongeza hatua ya kupunguza nishati baada ya kubadilisha, wakidhani hapo protini "itajikunja upya". Haijikunji. Hatua hiyo huteremsha atomu hadi kwenye bonde la nishati lililo karibu zaidi, kwa mwendo mdogo sana. Inafaa kuondoa mbanano uliosababishwa na badiliko, na inaishia hapo.

FoldX ni habari tofauti kidogo, maana yenyewe inapima. Lakini inapima kitu kimoja: je, umbo lililokunjwa limekuwa imara zaidi au limelegea, ukilinganisha na kabla ya badiliko? Glutamati ya 6 iko juu ya uso wa protini, mkia wake unaelea kwenye maji. Ukiiondoa, humo ndani hakuna nguzo iliyong'oka, kwa hiyo tofauti ndogo ni jibu la kuaminika. Na linaafikiana na maabara: kwenye mmumunyo mwepesi, HbS hushika na kuachia oksijeni karibu sawa na hemoglobini ya kawaida. Molekuli moja ya HbS, peke yake, si mgonjwa.

Ukitaka kumwonyesha msimamizi wako kwamba kipimo chenyewe kinafanya kazi, fanya kitu ambacho wanafunzi wengi hukisahau: weka badiliko la kulinganishia ambalo madhara yake yanajulikana. Kwenye mnyororo huo huo wa beta, fenilalanini ya 42 imekaa ndani, imegusana na hemu, ile sehemu yenye chuma inayoshika oksijeni. Ikigeuka serini inaitwa Hb Hammersmith, nayo ni hemoglobini isiyo imara inayosababisha chembe nyekundu kuvunjika. Endesha amri ya RepairPDB ya FoldX kwanza, kisha kwenye faili la individual_list andika "EB6V,ED6V;" kwa selimundu na "FB42S,FD42S;" kwa Hammersmith. Rudia kila moja mara kadhaa na uchukue wastani. Tofauti iliyo chini ya kama kilokalori 1 kwa moli usiijengee hoja yoyote. Angalia pia kama hemu imehesabiwa au imetupwa, kwa sababu zana nyingi za aina hii huhesabu protini na kuacha vilivyoshikamana nayo. Hata hemu ikiachwa, serini ndogo inayopenda maji, ikiwekwa mahali pa fenilalanini kubwa inayoyakwepa, inaacha pengo ndani ya protini, na namba inapaswa kuonyesha hilo. Sasa una matokeo mawili yanayozungumza: kipimo kinaona ulegevu pale ulipo, na kwa selimundu hakikuuona. Hiyo ni sura nzima ya tasnifu, na ni ya haki.

Kuhusu AlphaFold nitasema kwa ufupi. Ilijifunza kutabiri umbo kwa kusoma mfuatano pamoja na ndugu zake wengi wa kimageuzi, na herufi moja kati ya 146 haibadilishi picha hiyo ya ukoo. Waliotengeneza wenyewe wanaonya isitumike kutabiri athari ya badiliko la asidi amino moja. Usiiweke kwenye matokeo yako.

Basi ugonjwa uko wapi? Uko baina ya molekuli na molekuli. Oksijeni ikishaachiwa, hemoglobini hubadili mkao, na kwenye mnyororo wa beta hubaki wazi mfuko mdogo unaokwepa maji, wenye fenilalanini ya 85 na lusini ya 88. Hata wewe na mimi tunao. Glutamati, yenye chaji hasi na inayopenda maji, haina haja na mfuko huo. Valini inayo. Valini ya 6 ya molekuli moja huingia kwenye mfuko wa molekuli ya jirani, jirani naye hushikwa na mwingine, inajengeka mistari pacha, na mistari saba pacha inajisokota kuwa uzi mmoja wa nyuzi 14. Chembe nyekundu imejaa hemoglobini kiasi cha gramu 330 hivi kwa lita, kwa hiyo majirani hawakosekani. Nyuzi hizo ndizo zinazoivuta chembe kuwa mundu. Ona pia kwamba valini moja tu kati ya mbili za kila molekuli ndiyo inayoshiriki muungano huu wa ubavuni.

Faili la 2HHB lina molekuli moja. Ungeweza kulikodolea macho mwaka mzima usione jirani, kwa sababu hayumo. Lakini huna haja ya kubuni: HbS yenyewe imekwisha kupimwa kwa fuwele, katika hali isiyo na oksijeni, kwa ubora wa angstromu 2.05. Ni kazi ya Harrington, Adachi na Royer ya mwaka 1997, na faili lake ni 2HBS. Lina molekuli mbili kamili, minyororo ya beta ikiwa B, D, F na H. Lipakue, kisha uwaite na majirani wa kwenye fuwele:

symexp jirani, 2hbs, 2hbs, 5

Baadaye chagua kila kilicho karibu na valini ya 6:

select mfuko, byres (all within 5 of (2hbs and chain B+D+F+H and resi 6))

Pitia valini moja baada ya nyingine. Baadhi utazikuta zinaelea kwenye maji, hazina la kufanya. Nyingine utaikuta imezama kwenye molekuli ya pili, fenilalanini ya 85 upande mmoja na lusini ya 88 upande mwingine. Hiyo ndiyo picha ya tasnifu yako. Ukiwa hapo hapo, igeuze valini hiyo kuwa glutamati, yaani fanya badiliko kinyumenyume, kutoka ugonjwa kwenda uzima. Pitia mikao ya glutamati uone ni mingapi inayokaa bila visahani vyekundu, na hata ile inayokaa, jiulize chaji yake hasi inafanya nini humo ndani pasipo maji. Mutagenesis hapa inakupa jibu lenye maana kwa sababu umeielekeza mahali ambapo badiliko linagusa kitu.

Ukitaka kwenda mbele zaidi, kuna nafasi ambayo mimi binafsi naiona tamu kuliko zote kwenye protini hii: ya 87. Iko pembeni mwa mfuko huo huo. Kwenye beta ya kawaida ni threonini. Kwenye mnyororo wa gama wa HbF ni glutamini, ambayo ni ndefu zaidi na inavuruga ule muungano. Hiyo ni sehemu kubwa ya sababu mpwa wako anacheka leo, na haidroksiyurea nayo inasaidia hasa kwa kupandisha HbF. Watafiti walilichukua wazo hilo, wakatengeneza jeni ya beta yenye threonini ya 87 iliyogeuzwa glutamini, wakaiingiza kwenye seli za mgonjwa zinazozalisha damu. Tiba hiyo, iitwayo Lyfgenia, iliidhinishwa Marekani Desemba 2023. Bei yake ni ya kutisha na matayarisho yake yanahitaji dawa kali za saratani, kwa hiyo sikuelezi ili umpe dada yako matumaini ya kesho asubuhi. Lakini wewe unaweza kuigeuza threonini hiyo kwenye kompyuta mpakato yako, ndani ya 2HBS, ukaona glutamini inavyojisogeza kuelekea mahali valini inapotaka kukaa. Kumbuka tu kuandika kwamba picha inaeleza kwa nini wazo lina mantiki. Uthibitisho ulitoka kwa watu waliochanganya hemoglobini halisi na kupima zinavyoungana.

Usiisahau chaji. Kila valini ya 6 inaondoa chaji hasi moja, kwa hiyo molekuli nzima inapoteza mbili. Hilo ndilo Pauling na wenzake waliliona mwaka 1949, HbS ilipokwenda mwendo tofauti kwenye uwanja wa umeme, na mwaka 1957 Ingram akaonyesha kwamba kisa chote ni asidi amino moja. Hadi leo hospitali zetu zinapima kwa kanuni hiyo hiyo. Ramani ya chaji juu ya uso wa protini unaweza kuichora kwa programu ya APBS, na hapo utaona tofauti ambayo RMSD haikuiona.

Utashauriwa na wenzako ufanye uigaji wa mwendo wa atomu kwa programu ya GROMACS, maana unaonekana wa kisayansi zaidi. Mimi nisingeanza huko. Kompyuta ya kawaida itakupa nanosekunde mia kadhaa za molekuli moja ndani ya boksi la maji. Kuungana kwa HbS huchukua milisekunde hadi sekunde na zaidi, na kunahitaji molekuli nyingi mno. Utapata michoro mizuri isiyohusiana na swali. Uigaji ungefaa ukiuchukua muungano wa molekuli mbili kutoka 2HBS, ukalinganisha valini na glutamati, au threonini na glutamini ya 87, mara kadhaa kila moja. Kama chuo chenu kina kompyuta kubwa na mtu anayeijua, fanya. Kama havipo, 2HBS, FoldX yenye ulinganisho wa Hammersmith, na ramani ya chaji vinatosha kwa uzamili, na utaweza kuvitetea mbele ya mtahini bila kutetemeka.

Kabla ya kuandika matokeo, kaa ana kwa ana na mtu aliyewahi kufanya kazi na fuwele za protini, hata kama yuko idara nyingine. Mpelekee faili la kazi yako ya PyMOL lililohifadhiwa (session), si picha ya skrini, ili aweze kuzungusha na kukuuliza kwa nini ulichagua mkao huu na si ule. Andika kwenye maelezo ya kila picha: jina la faili, mnyororo, nafasi kwa hesabu zote mbili (6, au 7 ukianza na methionini), na mkao uliouchagua. Na kama katika familia mtataka watoto wengine, au ndugu wanaotaka kuoa na kuolewa wajue hali zao, hilo nalo ni la mshauri wa vinasaba kliniki. Dada yako na mumewe wote wawili karibu hakika ni wabebaji, na kwa kila ujauzito wana nafasi moja kati ya nne ya kupata mtoto mwingine mwenye HbSS.